Enregistrement ya Mwisho

Ng'ombe wa Endiinzi wanamjua Semahoro kwa sauti kabla hawajamwona. Alfajiri pikipiki yake inapanda kilima na madebe manne matupu ya maziwa yanayogongana, na juu ya kishindo hicho mtu mzima wa miaka arobaini na mitano ananguruma kwa Kifaransa kana kwamba amekanyagwa kidole. Mwanzoni wafugaji walimlalamikia, wakasema ataharibu mimba za ng'ombe wao. Baadaye walizoea. Sasa kuna bibi mmoja huko anayeapa kwamba ng'ombe wake mwekundu hashushi maziwa mpaka amsikie Semahoro akipita. Ushahidi hakuna, lakini bibi huyo hana mzaha, na maziwa yake ni mengi.

Anachonguruma ni hevi metali, muziki wa magitaa yanayokwaruza na ngoma zinazokimbia, na mwimbaji anayetoa sauti kutoka chini ya tumbo. Bendi anayoipenda ni moja tu, Haut-Fourneau, wazee wa Kibelgiji kutoka mji wa viwanda vya chuma. Jina hilo maana yake ni tanuru la kuyeyushia chuma. Huku Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, watu wachache wanaoijua wanaiita Ofurno, na wengi wasioijua wanaiita "ile kelele ya Semahoro."

Ukiuliza mtoto wa milima ya Kivu ya Kusini, aliyelelewa katika nyumba ya mzee wa kanisa, alikutana wapi na kelele hiyo, jibu ni kwamba aliletewa na baba yake mwenyewe. Mwaka 1989 mzee Yonatani alishuka Uvira kuuza mtamba, akarudi na redio ya kanda na kanda moja. Kwenye jalada palikuwa na tanuru linalowaka na wanaume watano wenye nywele ndefu wamesimama ndani ya moto bila kuungua. Mzee hakusoma Kifaransa, ila Biblia alikuwa nayo kichwani. Alijua mara moja kwamba hao ni Shadraka, Meshaki na Abednego. Wa nne, kama ilivyoandikwa, alikuwa mfano wa mwana wa Mungu. Wa tano alimsumbua kidogo, mpaka akaamua kwamba ni mmoja wa wale askari waliowatupa.

Jumapili baada ya ibada familia yote ilikaa chini, na majirani wakaitwa. Mzee akabonyeza. Mama akaziba masikio, mbuzi wakakimbia, shangazi mmoja akaanza kukemea pepo. Mzee Yonatani peke yake hakutikisika.

"Mutu iko mu moto," aliwaambia, "munataka aimbe namna gani?"

Hoja hiyo ilikuwa nzito. Kanda ikapigwa kila Jumapili miaka miwili, mpaka mwalimu mmoja aliyesoma Bukavu akapita, akasikiliza, akamweleza mzee kwa upole kwamba watu hawa wanalia kwa sababu kiwanda chao kimefungwa na baba zao wamekosa kazi. Mzee alifikiri kidogo. Akasema basi ni maombolezo, na maombolezo yamo katika Biblia, na kanda ikabaki.

Walioishika kanda hiyo kwa roho zao zote walikuwa watoto wawili wa kiume wa nyumba hiyo, Mihigo na mdogo wake Semahoro, waliopishana miaka minne. Kwao ndugu wa tumbo moja hawagawani jina, kila mmoja anapewa lake. Tena Mihigo hakumwita mdogo wake Semahoro hata siku moja. Alimwita Petit, yaani mdogo, tangu Semahoro akiwa mgongoni mwa mama, naye akaitwa yaya, yaani kaka mkubwa.

Ndani ya jalada palikuwa na karatasi iliyokunjwa, na neno la kwanza juu yake lilikuwa "Enregistrement", yaani kurekodi, kisha mji na mwaka. Wavulana walidhani ndilo jina la kitu chenyewe. Kuanzia hapo kanda mpya ya Ofurno kwao ikawa enregistrement. Ziliwafikia tatu nyingine katika miaka kumi na tano, kupitia madereva wa Bukavu na mmisionari mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Na Mihigo aliweka sheria. Enregistrement haisikilizwi na mtu mmoja. Anayeipata anaificha, anangoja, mpaka wa pili afike, hata ikichukua mwezi.

Ilichukua zaidi ya mwezi mara moja. Mihigo alikuwa amepeleka ng'ombe mbali kufuata majani, na kanda ya tatu ikamkuta Semahoro nyumbani peke yake, mvulana wa miaka kumi na saba, na redio yenye betri mpya. Alikaa nayo siku arobaini na moja ndani ya soksi. Mihigo aliporudi alikuta nailoni haijachanwa. Alimkamata mdogo wake kichwa akakikandamiza kifuani mpaka mtoto akakosa pumzi. Tangu siku hiyo, kila walipoachana njiani, Mihigo akienda malishoni au Semahoro akienda shule, neno lao la kuagana lilikuwa hilo hilo: "Tutaonana ku enregistrement."

Mwaka 2014 Semahoro alikimbilia Uganda na mkewe Apolline, wakakaa kambini Nakivale. Mihigo alibaki na ng'ombe na makaburi ya wazazi. Walizungumza kwa simu kila mara mtandao uliporuhusu, hadi 2019, vijiji vya juu vilipoanza kuchomwa kimoja baada ya kingine. Simu ya Mihigo ikaita mara moja bila kupokelewa. Kesho yake haikuita tena.

Semahoro aliuliza kila aliyevuka. Huyu alisema alimwona Mihigo msituni, yule akasema hapana, huyo alikuwa Mihigo mwingine. Mwaka mmoja na nusu ukapita hivyo. Kwa sababu ya biashara ya maziwa alikuwa amehamia Ruti, pembeni mwa Mbarara, katika chumba kimoja na Apolline na watoto. Alinunua maziwa Endiinzi, akapita kambini kwa njia ya mkato, akayafikisha mjini kabla hayajaganda.

Halafu mwezi wa tatu mwaka 2021 bendi ikatangaza kwenye ukurasa wake kwamba wazee wamekubaliana kurekodi tena, baada ya miaka tisa ya ukimya. Mashabiki wa dunia nzima wakamwaga maneno chini ya tangazo. Semahoro aliandika kama alivyokuwa akiandika kila mara, kwa Kifaransa chake cha shule, kwamba anamtafuta kaka yake Mihigo, shabiki tangu 1989. Siku mbili baadaye, chini ya maneno yake, kutoka kwa simu ya mtu asiyemjua mwenye picha ya ua, palikuwa na jibu.

"Petit. Ni miye yaya yako. Niko muzima. Tutaonana ku enregistrement. Usikawie."

Alilia barabarani mbele ya watu, madebe yakiwa juani. Akaandika majibu kumi na mawili. Mwenye picha ya ua hakujibu hata moja. Apolline alimwambia aende kwenye ofisi za kambini akaulize, kuna watu ambao kazi yao ni kutafutia watu ndugu zao.

"Ju ya nini?" Semahoro alimjibu. "Yaya amesema fasi ya kuonana. Enregistrement ikitoka, atatokea. Yeye hajapata kunidanganya."

Kwa hiyo akangoja. Alijua kungoja, alishafundishwa na soksi.

Tatizo ni kwamba wazee wa Ofurno nao walikuwa wanangoja. Kwanza mpiga ngoma alipata shida ya moyo. Halafu vidole vya mpiga gitaa vikakakamaa, ikabidi aanze upya kujifunza nyimbo alizozitunga mwenyewe. Kila baada ya miezi sita ukurasa ulitoa habari: tutaanza masika, tutaanza vuli, tuvumilieni. Mwimbaji mkuu, ambaye mashabiki wa Nakivale walimbatiza Mzee Koo, alikuwa ametimiza miaka sabini na tatu na alikohoa kwenye kila video.

Mashabiki wa Nakivale, tuseme ukweli, walikuwa wawili. Wa kwanza Semahoro mwenyewe, ambaye hakuhama moyoni hata alipolala Ruti, na mwaka 2022 akarudi kabisa kambini. Wa pili alikuwa Bénédicte, fundi cherehani wa Bukavu, mama wa watoto watano, aliyevaa kitenge chini na fulana nyeusi ya Ofurno juu, fulana aliyoishona na kuipaka maandishi yeye mwenyewe, na ndiyo maana herufi moja ilikosekana. Hawa wawili waligombana juu ya wazee wa Ubelgiji kila Semahoro alipopita kumwachia maziwa.

"Baache bazee bapumuzike," Bénédicte alisema. "Ule wa gitaa hata kijiko anashika kwa shida. Banatafuta nini tena?"

"Barekodi moya tu. Moya. Kisha balale."

"Unabapenda ao unabatumikisha?"

Swali hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Hakuwa anangoja muziki. Angekubali wazee hao wakohoe dakika arobaini mfululizo na waite hiyo albamu, mradi itoke. Kanisani aliomba kinamama wa maombi wamkumbuke mzee mmoja wa Ulaya mwenye ugonjwa wa koo. Kinamama hawakuuliza ni mzee gani. Wakafunga siku tatu kwa ajili ya koo la mtu ambaye, laiti wangemsikia, wangemkemea kama yule shangazi.

Na maombi, au dawa, au ukaidi wa wazee, vikafanya kazi. Agosti mwaka jana video ilitoka. Mzee Koo alikuwa amekaa jikoni kwake na wenzake wawili waliobaki, vikombe mezani. Alisema kazi imekwisha, nyimbo tisa, na wa kwanza utatolewa Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa nane mchana kwa saa za Uganda kama Semahoro alivyopiga hesabu. Kisha akasema neno ambalo mashabiki walilitarajia na bado likawauma: hii ni kazi ya mwisho, hawatarekodi tena, hata wimbo mmoja. Alitumia maneno haya haya: *le dernier enregistrement*.

Bénédicte alifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Semahoro alikuwa anacheka peke yake kama mtu aliyeitwa kwenye harusi. Alihesabu siku. Alimnunulia Mihigo shati, kubwa kidogo, kwa kuwa alimkumbuka mnene. Apolline aliliangalia lile shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kabati.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe Semahoro alipata wazo, na ni wazo hili lililoleta kila kitu. Alifikiri: Mihigo atakuja, sawa, lakini atajuaje nyumba? Akakata maboksi, akaandika kwa rangi iliyobaki kwenye kopo la Bénédicte, akabandika moja kwenye bomba la maji, moja kwenye kinu cha kusagia, moja kwenye mlango wa kanisa, na moja njiani karibu na Kabazana, kule wanakopokelewa wageni wapya. Yalisomeka hivi:

ENREGISTREMENT YA MWISHO. SAMEDI SAA NANE, KWA BÉNÉDICTE COUTURIÈRE. KISHA HAPO HAKUTAKUWA INGINE. PETIT ANANGOJEA MIHIGO.

Kama wewe hujawahi kuwa mkimbizi, huenda huoni kosa. Enregistrement kwa Kifaransa ni kurekodi muziki, ndiyo. Lakini pia ni kuandikishwa: jina, vidole, picha, ukubwa wa familia. Na katika kambi ya Nakivale neno hilo lina maana hiyo ya pili tu. Kwa watu wote wa huko, isipokuwa wawili, enregistrement ndiyo inayoamua kama utapewa kiwanja, kama utapata chakula, kama utaitwa siku moja kwenda Kanada. Watu walisoma maneno hayo mpaka HAKUTAKUWA INGINE, hawakusoma zaidi. Habari ikatembea.

Jumamosi hiyo saa mbili asubuhi Bénédicte alifungua kibanda chake akakuta foleni. Wamama wenye watoto mgongoni na makaratasi kwenye mifuko ya nailoni. Wazee waliokuja na viti. Familia moja yenye watu kumi na mmoja, wote wamepaka mafuta usoni tayari kwa picha. Saa nne foleni ilizunguka kinu. Watu wakaanza kugombania nafasi, na Bénédicte kwa hofu akachukua daftari la vipimo vya nguo akaanza kuandika majina, jambo lililowathibitishia wote kwamba ni kweli.

Semahoro alifika saa tano na spika ya kuazima nyuma ya pikipiki. Alipouona umati moyo wake uliruka. Akili yake ilimwambia kwamba watu wote hawa wamemleta Mihigo. Akapita mstari mzima akiangalia nyuso, wanaume wa umri wa miaka hamsini mmoja mmoja, huku watu wakimsalimia kwa heshima, "Bonjour, chef," wakinyoosha makaratasi. Mpaka mzee mmoja alipomuuliza kama waliokataliwa mwanzoni nao wataandikwa, ndipo akaelewa.

Alipanda juu ya stuli. Akaeleza. Ni muziki, akasema. Enregistrement ya muziki, ya bazee ba Ubelgiji.

"Unatusimamisha mu juwa tangu asubuhi," mwanamke mmoja alisema polepole, "ju ya makelele ya bazungu?"

Alikuwa ametembea tangu usiku na mtoto mgonjwa. Hakutukana. Alirudisha makaratasi yake kwenye nailoni, akaifunga fundo mbili, akaondoka. Wengine ndio waliotukana, na mmoja akarusha kiatu. Semahoro aliomba msamaha mpaka sauti ikakauka. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, na alijua anastahili. Kufikia saa saba kibanda kilikuwa kitupu, viti viwili vimevunjika, na Mihigo hakuwa amekuja.

Mtu mmoja tu hakuondoka. Alikuwa mama wa makamo, mweusi, mpana, ameketi kwenye gunia la vitambaa na kipande cha boksi mapajani. Ni lile tangazo la njia ya Kabazana, alilibandua akaja nalo.

"Miye sikuya ju ya kuandikwa," alisema. "Miye naitwa Mama Pélagie. Nilikuwa napika kule Kabazana, ku mapokezi. Ni nani anaitwa Petit?"

Semahoro alisema ni yeye.

Mama Pélagie alimsogezea stuli. Kisha akamwambia akae. Semahoro hakukaa. Bénédicte alikuja akasimama karibu naye, bila kujua kwa nini.

"Mwaka wa mbili wa corona," Mama Pélagie alisema, "mwezi wa tatu, kulifika mubaba moja kutoka ku milima. Mukonde sana. Anakohoa. Jina Mihigo. Alifika na bantu bengine, bo bote bakaandikwa siku ya pili. Yeye akakataa."

"Alikataa nini?"

"Enregistrement. Kila asubuhi banaita jina lake, anasema hapana, acheni kwanza. Nangojea mudogo wangu Petit, nimemuandikia kwa simu ya binti moja, anajua fasi. Namuuliza, lakini papa, si uandikwe weye kwanza, utapata hata blanketi ya mbili? Anacheka. Anasema, mama, siye, enregistrement hatufanyake mumoja-mumoja. Ni sheria ya kwetu."

Cherehani, gunia, mlango, vyote vilikuwa mahali pake. Semahoro aliviona vyote. Alitoa simu mfukoni, akafungua maneno aliyoyahifadhi miaka minne na miezi saba, akayasoma tena ingawa aliyajua kwa moyo. Tutaonana ku enregistrement. Usikawie. Kaka yake alikuwa amemwandikia kama mtu yeyote mwenye akili anavyomwandikia ndugu aliyeko Nakivale. Nimefika. Niko kwenye kuandikisha. Njoo haraka. Hakuna mkimbizi mwingine duniani ambaye angesoma maneno hayo vibaya. Ni yeye tu, kwa sababu ya kanda ya baba yake.

"Alingoja siku ngapi?" aliuliza.

"Kumi na moya." Mama Pélagie alikunja lile boksi. "Nilimutafuta huyo Petit, usifikiri sikutafuta. Niliuliza mpaka Base Camp, ku maofisi. Ule binti wa simu alikuwa ameshapelekwa mbali. Batu banasema ba Petit biko mingi, ni Petit wa nani? Yeye anasema Petit wa Ofurno. Hakuna mutu alijua ile ni nini."

Bénédicte aliweka mkono mdomoni. Yeye angejua. Wakati huo alikuwa anashona hapo hapo, kilomita chache kutoka Kabazana, amevaa ile fulana. Hakuna aliyemuuliza.

"Ku mwisho homa ilipanda," Mama Pélagie aliendelea, na sasa alikuwa anaongea na mikono yake. "Siku ya tisa, asubuhi, nilikuwa namupa uji. Kukapita pikipiki ku barabara, na madebe, na mutu ku juu analalamika kama ngombe. Akainuka. Huyu mutu alikuwa hainuke tena, akainuka akakaa. Akasema, ule ni Petit. Tukasema ni homa, papa, lala. Akasema hapana, ule ni Petit, na anakosea maneno."

Sauti aliyoitoa Semahoro hapo Bénédicte hakuwahi kuisikia, si kwake, si kwa Mzee Koo, si kwa mtu yeyote. Alianguka magotini kwenye vipande vya vitambaa. Alikuwa amepita pale mara tatu katika siku zile kumi na moja. Alikumbuka hata alichokuwa akiimba, maana ilikuwa wiki ya jibu la kaka yake na alikuwa na furaha, alikuwa anaimba wimbo wa kwanza wa kanda ya kwanza. Na ndiyo, ubeti wa pili alikuwa haujui vizuri. Mihigo ndiye aliyeujua.

Saa nane ilifika wakiwa bado hapo. Simu ya Bénédicte ikatoa mlio. Wimbo umetoka. Kwenye ukurasa maelfu ya watu walikuwa tayari wanaandika kwamba wanalia, kwamba wazee bado wana moto, asanteni kwa maisha yetu. Spika ya kuazima ilikuwa imeshaunganishwa. Bénédicte alimwangalia Semahoro, kidole juu ya kioo, akauliza kwa macho.

"Hapana," Semahoro alisema. "Hatufanyake mumoja-mumoja."

Bénédicte akazima simu yake. Na yeye mpaka leo hajausikiliza, ingawa sheria haikuwa yake.

Jumapili Mama Pélagie aliwapeleka kwenye makaburi ya upande wa juu. Kulikuwa na vijiti vingi vya alama vilivyolala. Alitembea huku na huku akihesabu kutoka kwenye mti uliokatwa, akasimama, akasema ni hapa, au hapa. Kati ya viwili hivyo hakuweza kuchagua. Apolline alitandika lile shati jipya katikati, akaweka mawe manne kwenye pembe zake. Semahoro alikaa chini mpaka jua likazama, na Apolline akakaa naye.

Jumatatu hakwenda Endiinzi. Ng'ombe mwekundu wa bibi, kama bibi anavyosimulia, aligoma siku hiyo. Semahoro alivaa koti la kanisani, akaenda kwenye ofisi ya kuandikisha vifo, akamkuta kijana wa Mbarara mwenye fomu mbele yake na kikombe cha chai. Kijana alikuwa mpole. Alisema jambo la zamani hivi ni gumu, mtu mwenyewe hakuwahi kuingia kwenye vitabu, lakini kwa kuwa kuna shahidi, na hapo Mama Pélagie akainua mkono, wataandika.

"Jina yake?"

"Mihigo, mwana wa Yonatani."

"Na wewe ni nani yake, ssebo, mzee wangu?"

"Mudogo wake. Semahoro, mwana wa Yonatani."

Kijana aliandika majina yote mawili, moja chini ya lingine, kwa herufi kubwa. Semahoro aliinama mezani akatazama wino ukikauka. Ilikuwa mara ya kwanza majina hayo kuwa kwenye karatasi moja.

"Hapa wanauliza siku ya kufika Uganda," kijana alisema. "Ya wewe ninaiona kwa kompyuta. Ya yeye haiko. Mulikuja pamoja?"

"Ndiyo," Semahoro alisema. "Tulikuja pamoja."